Tonge la Ukingoni

Kwako Mama yangu, Ujiji.

Shikamoo Mama. Na mwakeye, kama barua imekufikia asubuhi ukiwa bado hujaenda sokoni. Natumaini goti limepunguza kelele, na kwamba ile dawa niliyotuma unaipaka wewe, humpakii kila jirani anayepita akisema kiuno kinamuuma. Mawese mwaka huu yametoka vizuri? Hamisi aliniambia madumu yalijaa mpaka yakaingia chumbani kwake, akawa analala kama mlinzi wa ghala. Mwambie avumilie, ndiyo kazi ya mtoto wa kiume anayekawia kuoa. Na Bibi je? Kikohozi kimeisha? Bado anapaka wanja kila Ijumaa?

Sisi huku Norwe ni wazima, alhamdulillah. Amisi mume wangu anakusalimu sana, anasema mkwewe hajakusahau hata siku moja, na hajasahau ile sombe uliyompikia siku alipokuja kunichumbia, akala mpaka wazee wakaanza kutazamana.

Najua unajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Mama, simu nimejaribu. Nikitamka tu neno "Babu", unasema, "Haloo? Haloo? Mtandao huu jamani," halafu unakata. Mara ya mwisho Hamisi alikuwa amekaa pembeni yako, akanitumia ujumbe kwamba mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu. Basi nimeona niandike. Dada mmoja wa Mwandiga anarudi nyumbani kumuuguza baba yake, nimemkabidhi bahasha na amekula kiapo kwamba ataitia mkononi mwako mwenyewe. Barua haina cha kukata. Unaweza kuitia chini ya godoro wiki nzima, utaikuta palepale inakungoja.

Nilitakalo nalisema mapema, usije ukasoma huku moyo unakudunda: nataka Babu asomewe hitima, na nataka wewe mwanawe ndiye uiandae. Usiikunje, Mama! Tulia. Vuta kigoda, nikueleze.

Unajua kazi yangu ni ileile ya kiwanda cha samaki. Tunapasua, tunatoa matumbo, tunafunga wawili wawili mikiani, wanaanikwa nje kwenye vichanja. Ndiyo, vichanja! Ukiwaona Wazungu hawa na vichanja vyao ufukweni utadhani uko Kibirizi, isipokuwa jua lao ni la kuazima, samaki anakaushwa na upepo na baridi. Hakuna chumvi, hakuna moshi. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu, msimamizi akaniuliza kuna nini. Nitamwelezaje mtu ambaye hajawahi kufukuza kunguru kwenye dagaa? Mikono inauma, sikudanganyi. Jioni vidole havikunjiki. Lakini tunakula na tunalala, na fadhila za Mungu hazihesabiki.

Sasa, miezi iliyopita amekuja kuishi karibu na sisi mjomba wake Amisi, ndugu wa mama yake. Anaitwa Mzee Wilondja. Ni Mbembe wa Fizi, ng'ambo yetu kabisa ya ziwa, kule kwenye milima tunayoiona mvua ikishanyesha na hewa ikatakata. Amekaa kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa huku kwa watoto wake. Mzee mpole, mrefu, hana meno ya mbele, anavaa kofia mbili moja juu ya nyingine. Hasemi sana. Amisi alisema hata nyumbani kwao alikuwa hivyohivyo, mtu wa kusikiliza redio.

Jumapili moja tukamwalika chakula. Nilikuwa na samaki wetu, mgebuka mkavu, ule uliompa yule kijana aje nao mwaka jana, nilikuwa nauficha kwenye friza kama dhahabu. Nikaurosti kwa mawese yako, nikasonga ugali wa muhogo, nikautandaza kwenye sinia. Tukanawa, tukakaa chini, maana Mzee alisema mezani anajiona yuko ofisini. Nikamega tonge la kwanza, nikalifinyanga, nikalichovya kidogo kwenye mchuzi, nikaliweka ukingoni mwa sinia.

Mama, najua umeshajua ni nini. Wala sikufanya kwa kukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyosema bismillahi bila kufikiri. Nimekua nikimwona Bibi akifanya vile kila siku ya Mungu, na nimekua nikikuona wewe ukisimama pembeni ya jiko na bakuli lako la bluu, hutaki kukaa nasi. Sisi tulijua ni tonge la Babu. Mtaa mzima ulijua ni tonge la Babu. Bibi Tatu anamtengea mumewe aliyevuka, watu walisema, na wengine wakacheka. Tukimaliza kula, paka analichukua.

Mzee Wilondja akaliona lile tonge, akaacha kutafuna. Akalitazama weee, mpaka nikadhani kuna unywele. Akasema kwa ile lafudhi yao, "Mutoto, hivyo nani alikufundishaka?"

Nikamwambia, "Bibi yangu, Mzee. Bibi yangu wa Ujiji."

"Na bwana yake Bibi yako, alikuwaka nani?"

"Simjui Mzee. Alivuka kwenda Kongo kwenye vita, hakurudi. Anaitwa Kasimu."

Mama, yule mzee alivua kofia. Zote mbili. Akasema, "Kasimu fundi wa mitumbwi? Mwenye kovu la tezo hapa?" Akajigusa chini ya goti la kushoto.

Mimi nikapiga kelele. Amisi akamwaga maji. Maana hilo kovu Bibi anatusimulia tangu tukiwa watoto, jinsi tezo lilivyoteleza kwenye mti wa mvule, na yeye akamfunga kwa kanga yake mpya, na mpaka leo anaidai ile kanga.

Sasa nakueleza alivyonieleza, bila kuongeza. Mengine nilimuuliza mara mbili mbili siku nyingine, nikitaka kumkamata akikosea. Hakukosea.

Anasema Babu alivuka na vijana wenzake wa Ujiji ambao asili yao ni kulekule ng'ambo, waliposikia Wakongo wanamalizana wenyewe kwa wenyewe na jamaa zao wamo katikati. Walikwenda wakidhani ni mambo ya mwezi mmoja. Wakapewa bunduki, wakapandishwa milimani. Mzee Wilondja alikuwa mdogo kuliko wote katika kundi lao, ndevu hazijatoka, wazazi wake wamekwisha kuuawa. Babu akamchukua akawa kama mdogo wake, akamfundisha kutengeneza mtego wa panya na kulala na viatu mguuni.

Na njaa, Mama. Anasema vita watu wanahadithia risasi, yeye anakumbuka njaa. Wakipata muhogo wanapika kwenye karai la kuokota, wanakula wote. Na Babu kila mara, hata ugali uwe wa kiganja, anamega tonge la kwanza analiweka ukingoni mwa karai. Wenzake wakamcheka sana. Wengine wakakasirika, wakamwambia, "Wewe Kasimu, unamtengea nani chakula huku watu wanakufa?"

Naye alikuwa akijibu, "La binti yangu."

Soma tena hapo, Mama.

Wakamuuliza binti yupi, na wewe ulisema mkeo ana mimba ya kwanza? Akasema ni binti, anajua, kwa sababu mama yake anatamani ndimu kuliko nyama. Wakabishana naye mpaka wakachoka, hakukubali hata siku moja kwamba anaweza kuwa mtoto wa kiume. Akasema alipotoka Ujiji mkewe alikuwa hali kitu, kila harufu inamtapisha, basi yeye akawa anamtengea tonge moja pembeni na kumwambia, wewe usile kama hutaki, lakini hili si lako, ni la binti yangu, mlishe. Na mke akawa analila kwa ajili ya mtoto. Akasema, sasa niko huku siwezi kujua kama amekula, lakini nikilitenga moyo unatulia.

Na wakishamaliza kula, lile tonge alikuwa anampa aliye mdogo kuliko wote. Ndiye huyo Mzee wa kofia mbili. Alivyokuwa ananiambia haya machozi yanamtoka, akasema, "Mimi ndiye nilikulaka chakula cha mama yako. Mwambie kama nimeishi, ni kwa chakula chake."

Nilimuuliza lile unalouliza wewe miaka yote. Nilimuuliza kwa hasira, Amisi akanikanyaga mguu. Nikamwambia, "Kwa nini hakurudi? Ziwa si lilikuwa palepale? Yeye fundi wa mitumbwi akashindwa kuvuka?" Mzee akasema alitaka. Mitumbwi ilikuwa inakuja kwa siri, mmoja mmoja, na kila ulipokuja palikuwa na majeruhi. Zamu yake ilifika, akampisha mtu aliyevunjika mguu. Akangoja mwingine. Mama, mimi nilikasirika hapohapo. Nilisema moyoni, Babu nawe! Mguu wa mtu na mkeo mjamzito, kipi kizito? Sikuandikii ili nimtetee. Wewe hukuwa unakosea uliposema alikwenda kupigana vita vya watu akaviacha vyake. Ulikua bila baba, na hilo hakuna hadithi inayolifuta.

Huo mtumbwi mwingine haukuja. Siku moja alishuka bondeni kuchimba muhogo kwenye shamba lililoachwa na wenyewe. Askari wa serikali walikuwa upande wa pili wa kijito. Wenzake walimkuta amelala juu ya kapu, muhogo umejaa ndani. Hakusema neno la mwisho, Mzee hakutaka kunidanganya. Walimzika palepale, penye michikichi. Mzee anasema hakujua sala yetu, na Waislamu wa kundi lao walikuwa wamekwisha kufa, basi akamwosha uso, mikono na miguu, kama alivyokuwa akimwona akifanya kabla ya kusali, akamlaza akielekea upande aliokuwa akielekea akisali. Akaniuliza kama alikosea. Nikamwambia, "Hukukosea, Mzee. Mungu akulipe." Ningesema nini kingine?

Jioni yake wakapika ule muhogo. Mzee akamega tonge la kwanza, akaliweka ukingoni. Wote walikuwa na njaa, na hakuna aliyeligusa.

Basi tangu siku hiyo nikawa silali vizuri. Nikampigia Bibi. Usiogope, sikumwambia habari ya kifo, hiyo si haki yangu kuanza, mwana ni wewe. Nilimuuliza tu, "Bibi, hivi lile tonge unalotenga ni la nani?"

Akacheka. "Mbona leo?"

"Nimekumbuka tu nikila."

"La mama yako," akasema, hivihivi, kama mtu anayeulizwa ndoo hii ya nani. Akanieleza yaleyale, kutapika, ndimu, mumewe kumtengea. Alipovuka, yeye akaendelea. Ulipozaliwa ukaanza kula, ukawa unalila wewe. Ulikuwa unalidai, anasema, ukiona halipo unalia mpaka jirani anakuja.

Nikamuuliza, "Sasa mbona Mama analichukia?"

Nikasikia anafukuza kuku. Akasema wewe ulirudi kutoka chuo cha Kurani siku moja umevimba macho, watoto wenzako wamekuambia unakula chakula cha maiti. Ukasusa. Ukasema hutakula tena tonge la maiti wala kukaa kwenye sinia lenye maiti.

"Na hukumwambia ni lake?"

"Ningemwambiaje?" Bibi akasema. "Ningesema hili si la maiti, angeuliza, kwani baba yangu si maiti? Ningemjibu nini, Mwamvua? Ningesema amekufa, sikumwona. Ningesema yu hai, kesho angekaa mlangoni kumngoja. Nikanyamaza."

"Lakini ukaendelea kulitenga."

"Mtoto akisusa chakula chake, unampa mwingine? Unamwekea."

Mama, nilikata simu nikaenda kusimama nje kwenye vichanja, nikalia mpaka machozi yakawa yanauma kwa baridi.

Tumeishi kwenye nyumba ile sote. Wewe pembeni ya jiko na bakuli lako, Bibi kwenye jamvi na sinia lake, mkipendana bila kusema, mkitibiana mafua, mkisukana nywele, lakini hamjala pamoja tangu wewe ni mtoto wa chuo. Wageni wakija tunatunga uongo, Mama amefunga, Mama ana kiungulia. Na katikati yenu chakula chako kinaliwa na paka. Paka wangapi wameneemeka kwenye nyumba ile, astaghafirullahi!

Bibi sasa ni mtu mzima sana. Hakukaa eda, kwa sababu hakuna aliyemwambia amefiwa. Hakuolewa tena, ingawa wewe mwenyewe ulinihadithia wachumba waliokuja na kurudi na kanzu zao. Kila Ijumaa wanja na udi, anajipamba kwa mtu ambaye amelala penye michikichi tangu yeye ni msichana. Anastahili kujua. Lakini habari hii asiipate kwa simu, wala kwa Hamisi ambaye kila kitu anakianza kwa mwisho. Aipate kwako. Halafu mkamwite maalimu wa jirani, msome hitima, mpike. Si lazima ng'ombe. Pika mgebuka kwa mawese, na ugali wa muhogo. Mzee Wilondja ameniomba siku hiyo nimwambie, naye atakaa kimya huku saa hizohizo. Sisi tutapika hapa, Amisi ameshakubali kuomba ruhusa kazini.

Nisalimie Hamisi, mwambie suruali nimeipata ila awe na subira na rangi. Nisalimie shangazi wa Buzebazeba, yule anayejua kila ndoa kabla ya bwana harusi, na ukimwona usimwambie haya kabla ya Bibi, maana yatafika Kagunga kabla ya adhuhuri. Msalimie mama mkwe wa Hamisi mtarajiwa, kama bado anatarajiwa. Na maalimu, mwambie mwanafunzi wake aliyekuwa analala kwenye juzuu bado anakumbuka Yasini, japo kwa kuchungulia.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena, kwa sababu nimefikiri utakwama kwenye kumwambia. Najua utazunguka uani, utaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Basi nisikilize, Mama. Usianze na maneno. Bibi akipakua mchana, liache bakuli la bluu lilale kwenye kabati. Njoo ukae kwenye jamvi. Atamega tonge la kwanza, atalifinyanga, ataliweka ukingoni kama kawaida yake. Wewe nyoosha mkono ulile. Atakutazama, na hapo hutahitaji kutafuta pa kuanzia.

Ni mimi mwanao unayemkatia simu na bado anakupenda,

Mwamvua